Mtakatifu Vincent de Paul na Sanduku la Maskini

Katika kitabu hiki mtasoma majina ya waliochoma matofali ya kanisa letu, ya waliofundisha katekisimu chini ya miti, na ya wale waliokwisha kututangulia mbele ya Mungu. Ni haki yao kutajwa. Lakini imeonekana vema kuweka hapa pia maisha ya mtu mmoja ambaye hakufika kwetu kamwe, aliyekufa zaidi ya miaka 360 iliyopita, kwa kuwa vyama vyetu vya kusaidia maskini vinatumia kila juma mambo aliyoyaanzisha yeye, hata pasipo kujua. Kuna na sababu nyingine, isiyo ya kujisifu. Nani kati yetu hajaona chama kilichoanza kwa ngoma na vitambaa vya sare, kikafa kabla ya mvua ya pili, na sanduku lake likawa tupu pasipo mtu kuweza kueleza feza zilikwenda wapi? Watu wa chama hicho hawakuwa wabaya. Vincent de Paul alilijua jambo hili kabla yetu.

Alizaliwa mwaka 1581, wengine husema 1580, katika kijiji cha Pouy, karibu na mji wa Dax, upande wa kusini-magharibi wa Ufaransa. Baba yake Jean na mama yake Bertrande walikuwa wakulima wenye watoto sita, naye alikuwa wa tatu. Alichunga kondoo na nguruwe. Baba alipoona kwamba mtoto ana akili, akampeleka kwa Wafransisko wa Dax ili asome; baadaye akauza ng'ombe wawili wa kulimia apate kumtuma kwenye chuo kikubwa cha Toulouse. Siku moja baba huyo, aliyekuwa akichechemea na kuvaa nguo za shamba, alikwenda kumwona shuleni. Kijana akaona haya, akakataa kutoka kusema naye. Tusingethubutu kulitaja jambo hili kama Vincent mwenyewe asingelisimulia katika uzee wake mbele ya wenzake, akilihesabu kuwa dhambi.

Alipewa Upadri tarehe 23 Septemba 1600, akiwa kijana wa miaka 19 au 20, ingawa Mtaguso wa Trento ulikuwa umedai miaka 24. Hakuwa bado mtakatifu. Alitafuta cheo chenye mapato mema, apate kuwasaidia wa nyumbani na kustarehe mapema. Barua yake ya mwaka 1607 yasimulia kwamba wanyang'anyi wa baharini walimkamata mwaka 1605 wakamwuza utumwani Tunis. Wataalamu wa historia wanabishana hata leo juu ya habari hiyo, nasi si kazi yetu kuamua. Mwaka 1608 alifika Paris, mwaka 1612 akawa padri wa parokia ya Clichy, na mwaka 1613 akaingia katika nyumba ya Bwana de Gondi, mkubwa wa merikebu za vita za mfalme, awe mwalimu wa watoto wake. Huko, akizunguka katika mashamba ya bwana huyo, aliona jinsi watu wa vijiji walivyoachwa, roho na mwili.

Sasa tuje kwenye mwaka 1617, maana ndio unaotuhusu.

Mwaka ule Vincent aliondoka nyumbani mwa Gondi, akaenda kuwa padri wa Châtillon-les-Dombes, mji mdogo usio mbali na Lyon. Siku ya Dominika, mwezi wa Agosti, alipokuwa anavaa mavazi ya Misa, mama mmoja aliingia kumwambia kwamba katika nyumba moja nje ya mji watu wote wamelala wagonjwa, wala hakuna hata mmoja wa kumhudumia mwenzake. Vincent alilitaja jambo hilo katika mahubiri yake. Baada ya masifu ya jioni alishika njia kwenda kuwatazama. Kumbe njia imejaa wanawake! Wengine wanakwenda na vikapu, wengine wanarudi, na kwa sababu ya jua kali wengine wamekaa kando ya njia wakipumzika. Mikate, nyama, kila aina ya chakula, vyote vimefika katika nyumba ile kwa siku moja.

Padri mwingine angerudi nyumbani akimshukuru Mungu kwa ukarimu wa waamini wake, akalala usingizi mwema. Vincent alimshukuru Mungu, lakini usingizi haukuja upesi, kwa kuwa aliona lililofichika. Wagonjwa hawa leo wamepata kupita kiasi, chakula kitaoza, kesho kutwa wale akina mama watakuwa na kazi zao, na nyumba itarudia njaa ile ile. Mapendo yalikuwapo mengi, lakini yalikosa utaratibu. Basi hakuhubiri mara ya pili ili awaongezee huruma, kwa maana huruma walikuwa nayo tele. Siku tatu baadaye aliwakusanya wanawake wachache, akawaomba wakubaliane kupika kwa zamu, kila mmoja siku yake, si kwa nyumba ile tu, bali kwa wagonjwa wote maskini wa mji watakaokuja nyuma. Majina yaliandikwa kwa kufuatana. Likelemba zetu zinaijua vema nguvu ya orodha kama hiyo: mtu anayejua siku yake hangojei moyo umsukume.

Alikaa miezi mitatu akiwatazama wakifanya kazi, ndipo akaandika kanuni. Twapenda kukazia hapo, kwa sababu sisi mara nyingi hutangulia kuandika kanuni, na kazi huja baadaye, au haiji. Kanuni ile ilithibitishwa mwezi wa Novemba kwa niaba ya Askofu Mkuu wa Lyon, na tarehe 8 Desemba 1617 Chama cha Mapendo kilisimamishwa rasmi katika kikanisa cha hospitali ya Châtillon.

Yaliyomo ni mambo ya jikoni na ya sanduku. Wanachama ni wanawake, wenye waume na wasio na waume, kwa ruhusa ya waume au wazazi wao, nao wataitwa watumishi wa maskini. Idadi yao haitapita 20, maana kundi likiwa kubwa kila mmoja hudhani mwenzake amekwenda. Watachagua mkubwa wao, na mtunza feza, na msaidizi mwingine, kwa muda uliowekwa, si kwa maisha. Yule ambaye ni zamu yake atapika chakula, atakipeleka mwenyewe, atamsalimu mgonjwa kwa uso mkunjufu, atatandaza kitambaa, atamnawisha mikono, atamkatia nyama. Mkate, mchuzi, nyama ya kondoo au ya ndama, divai kidogo, na siku zisizo za nyama mayai: vipimo vyote vimeandikwa. Tena kuna neno moja ambalo hatujaliona katika kanuni ya chama kingine chochote. Mpelekaji wa chakula aanze kwa mgonjwa mwenye watu wa kumtunza, amalize kwa yule aliye peke yake, ili apate kukaa naye zaidi.

Juu ya feza, Vincent hakumtegemea mtu kuwa mwema tu. Sanduku liwe na kufuli mbili zisizofanana. Ufunguo mmoja kwa mkubwa, wa pili kwa mtunza feza, hata mmoja asiweze kulifungua pasipo mwenzake. Mtunza feza aliruhusiwa kubaki na kiasi kidogo mkononi kwa haja za ghafula. Mapato na matumizi yaandikwe, na hesabu itolewe mbele ya padri na watu wa mji. Hakukuwa na shaka juu ya uaminifu wa wale akina mama. Kufuli mbili ziliwekwa ili shaka isipate mahali pa kuingia, kwa kuwa mtunza feza mwaminifu anayesingiziwa huumia kuliko mwizi.

Mwisho wa mwaka ule familia ya Gondi ilimvuta arudi kwao, lakini safari hii alirudi na kanuni mkononi. Vyama vya Mapendo vilianzishwa katika vijiji vya mashamba yao, Joigny, Montmirail, na vinginevyo. Mwaka 1620, huko Folleville, alijaribu chama cha wanaume: wanawake wawahudumie wagonjwa, wanaume wawasaidie maskini wenye afya, wakiwatafutia vijana kazi za kujifunza. Katika vijiji vingine chama kilinunua kondoo, wakatiwa alama yake, wakachungwa bure pamoja na kondoo wa wanachama, ili sanduku lisitegemee matoleo ya Dominika peke yake. Mahali ambapo wanaume na wanawake walitiwa katika chama kimoja chenye sanduku moja, mambo hayakwenda. Miaka mingi baadaye Vincent alieleza sababu: wanaume hutaka kushika kila kitu, na wanawake hawavumilii, lakini hesabu za wanawake alizikuta safi. Waume wa parokia yetu watatusamehe kwa kuliandika hili. Si sisi tulionena.

Mwaka 1621 alipita Mâcon, akaona mji umejaa waombaji. Alipotoa shauri la kuwapanga, wengine walimcheka. Kwa muda wa majuma machache maskini wa mji, wapatao 300, waliandikwa majina. Wasioweza kufanya kazi walipewa posho. Wenye kazi ya mshahara mdogo waliongezewa kile kilichopungua tu. Wapita njia walipewa malazi ya usiku mmoja na senti za safari. Wakuu wa mji walipotaka kumsindikiza kwa heshima, yeye alikwisha kuondoka kimya.

Tarehe 17 Aprili 1625 Bwana na Bibi de Gondi walitia sahihi mkataba wa livre 45,000, ndiyo feza ya Ufaransa ya wakati ule, ili mapadri wachache wakae pamoja na Vincent na kuhubiri vijijini pasipo kudai malipo yoyote. Huo ndio mwanzo wa Shirika la Misioni, ambalo watu huwaita Walazaristi. Mwanzo ulikuwa mdogo hata wa kuchekesha: walipokwenda kuhubiri hawakuwa na mlinzi wa nyumba, wakamwachia jirani ufunguo. Mwaka 1632 walipewa nyumba kubwa ya Saint-Lazare, na mwaka 1633 Baba Mtakatifu Urbano VIII akalithibitisha shirika.

Vyama navyo vikaongezeka, na penye wingi uvivu huingia. Ndipo Vincent alipompata Louise de Marillac, mjane aliyezaliwa mwaka 1591. Tangu mwaka 1629 alimtuma kuvitembelea vyama kijiji kwa kijiji: kufungua vitabu vya hesabu, kuonya, kufundisha wasichana, kuwaamsha waliolala. Louise aliona udhaifu mwingine, hasa Paris. Wanawake wa vyeo walipenda kuandika majina yao katika chama, lakini kubeba chungu cha mchuzi barabarani waliona haya, wakawatuma watumishi wao, ambao hawakuwa na moyo wa kazi ile. Dawa ilitoka kijijini. Marguerite Naseau wa Suresnes, msichana mchunga ng'ombe, alijifunza kusoma mwenyewe, akiwauliza wapita njia maana ya herufi, kisha akawafundisha wasichana wengine. Alikuja kujitoa kwa Vincent awahudumie wagonjwa, na mwaka 1633 alikufa kwa tauni baada ya kumlaza kitandani mwake mgonjwa wa tauni. Mwishoni mwa mwaka ule ule, tarehe 29 Novemba, Louise alikusanya wasichana wachache wa namna hiyo nyumbani mwake. Hao ndio Mabinti wa Mapendo.

Mabibi matajiri hawakufukuzwa. Tangu mwaka 1634 walipangwa katika chama chao, wakapewa kazi inayowafaa: kuwatembelea wagonjwa wa hospitali kubwa ya Paris, na kutafuta feza. Kazi iliyowashinda karibu kabisa ilikuwa ile ya watoto wachanga waliotupwa. Kila mwaka mamia waliokotwa katika njia za Paris, wakapelekwa katika nyumba moja ambamo karibu wote walikufa. Mwaka 1638 chama hakikuwa na uwezo ila kwa watoto 12, nao walichaguliwa kwa kura. Tufikiri kidogo juu ya siku ile. Kuchagua 12 ni kuwaacha wengine, na wale akina mama walilijua hilo. Hata hivyo Vincent hakukubali kuahidi kisichokuwapo. Mwaka 1640, baada ya kutafuta mapato, walikubali kuwapokea wote. Gharama zikapanda, vita vikaja, na kufikia mwaka 1647 mabibi walichoka, wakataka kuacha. Vincent aliwaita mkutanoni. Hakuwafokea. Aliwaeleza sababu za kuacha na sababu za kuendelea, akawaonyesha kwamba kura yao ni hukumu ya uzima au ya kifo, kisha akawaachia waamue. Waliendelea.

Katika siku hizo nchi ya Lorraine iliharibiwa na vita hata watu wakala majani na mizizi. Tangu mwaka 1639 misaada ilitoka Paris, na wa kuipeleka alikuwa mtawa asiye padri, Bruda Mathieu Regnard. Alifanya safari 53, akipita katikati ya askari na wanyang'anyi, na feza amezitia katika mfuko mkuukuu kama wa mwombaji; alipoona hatari aliutupa kichakani, akapita mikono mitupu, kisha akarudi kuuchukua. Hakunyang'anywa hata mara moja. Malkia mwenyewe alipenda kumsikiliza akisimulia hila zake. Lakini Vincent hakuridhika kwamba mfuko umefika. Aliwataka wagawaji wamletee habari za kila mji, na hati za kushuhudia kwamba feza zimepokelewa na zimefanya nini, akazisomea wale waliotoa. Kuanzia mwaka 1650, vita vilipoharibu Picardie na Champagne, barua za namna hiyo zilichapwa kwa juhudi ya Bwana Charles Maignart de Bernières, zikagawiwa Paris. Katika mambo ya mafundisho bwana huyo alielekea kundi ambalo Vincent alilipinga kwa nguvu. Juu ya mkate wa wenye njaa walishirikiana.

Si kila feza iliyotolewa aliipokea kwa haraka. Mwaka 1653 mfanyabiashara mmoja wa Paris alimletea livre 100,000 kwa kazi yoyote ya mapendo, akitaka jina lake lisijulikane. Vincent aliomba muda wa kufikiri. Kisha zilianzishwa nyumba za wazee 40, wanaume 20 na wanawake 20, na vyombo vya kufumia vikanunuliwa, kila mmoja afanye kazi kadiri ya nguvu zake. Jina la mtoaji halikujulikana. Mabibi walipoona uzuri wa nyumba ile, walitaka kujenga mara moja hospitali kubwa ya waombaji wote wa Paris. Yeye aliona tuanze na wachache, tena wanaokuja kwa hiari. Mwaka 1656 serikali ya mfalme iliichukua kazi hiyo na kuamuru waombaji wafungiwe kwa nguvu. Vincent hakukubali mapadri wake wawe wasimamizi wa roho mahali pale.

Alijua pia kupoteza. Shamba la Orsigny lilikuwa limetolewa kwa Saint-Lazare kwa mkataba. Watoaji walipokufa, warithi wakashitaki, na mwaka 1658 mahakama ikawapa wao. Wanasheria walimshauri afungue kesi tena, wakimwahidi kushinda. Alikataa, akawaomba wenzake wasinung'unike.

Mwaka 1660 ulimwondolea wenzake wa tangu mwanzo. Padri Antoine Portail alikufa mwezi wa Februari, Louise de Marillac tarehe 15 Machi. Vincent hakuweza kwenda kumwaga, kwa kuwa miguu ilikuwa imevimba na vidonda, hatembei tena. Alfajiri ya tarehe 27 Septemba alikufa akikaa kitini, amevaa nguo zake. Klementi XII alimtangaza mtakatifu mwaka 1737, na Leo XIII mwaka 1885 akamweka kuwa msimamizi wa vyama vyote vya mapendo.

Kabla ya hapo, mwaka 1833, wanafunzi wachache wa Paris, Frédéric Ozanam akiwa kati yao na umri wa miaka 20, walitaka kuwasaidia maskini, nao hawakujua waanzie wapi. Walikwenda kwa Sista Rosalie Rendu, mmoja wa Mabinti wa Mapendo, aliyewajua maskini wa mtaa wa Mouffetard nyumba kwa nyumba. Aliwapa orodha ya jamaa za kutembelea, akawapa na vyeti vya mkate vya kuanzia, mpaka watakapokuwa na vyao.